Buda, Toa Hicho Kisu Kiunoni

Wacha niseme hii mapema ndio wa kukasirika wakasirike mapema. Wewe msee unayetembea hapa Migori na kisu cha kukunja umekichomeka kiunoni mbele, shati umeinua kidogo ndio klipu ionekane, hujajipanga. Unakaribia kujikata, unakaribia kujipeleka kortini, na hicho kisu chenyewe hujawahi kukitumia hata kumenya muwa.

Na kabla uniite mwoga, mimi pia nabeba kisu. Kila siku. Kiko nami sai nikiandika hii. Kwa hivyo hii si ile hotuba ya wazee ya "vijana wacheni visu". Mimi naongea na nyinyi mnaobeba, kwa sababu wengi wenu mnabeba vibaya na hakuna mtu anawaambia.

Huku kwetu kisu ni kitu cha kazi. Ukitoka Rongo ukielekea Awendo unapita katikati ya mashamba ya miwa, na meno yako si ya ng'ombe. Ukiwa ufuoni kule Mbita kuna kamba ya kukata, kuna uzi wa nyavu umejifunga, kuna gunia la omena la kufungua. Mimi napiga picha na video za harusi na matanga, siku nzima niko na tepu, nyaya na maboksi. Dani wangu kule Ndhiwa anaiita pala, na sijawahi kumsikia akijadili kama pala ni silaha. Anauliza tu kama ina makali, na kama umeirudisha mahali uliitoa. Hilo swali la pili ndilo sisi tumesahau.

Mimi nilifundishwa na paja langu. Ilikuwa Desemba, natoka Rongo kuelekea Homa Bay kwa boda. Kisu nilikuwa nimekitupa tu kwa mfuko wa mbele wa jinzi, pamoja na funguo na sarafu. Kilikuwa kile cha bei rahisi, springi imechoka, ukikitikisa kinajifungua. Tukafika kwa tuta ambalo dereva hakuliona mapema, akafunga breki, nikateleza mbele, na kitu kikaniuma paja. Nilidhani ni nyuki. Kumbe kisu kilikuwa kimefunguka nusu ndani ya mfuko, na nilivyobanwa pale kitini, ncha ikaingia. Nyuzi saba. Aliyenishona alinionyesha kwa kidole mahali mshipa mkubwa wa damu unapita paja la ndani, karibu na kinena. Hakusema kitu kingine, na hakuhitaji.

Sasa fikiria wewe ambaye umekiweka hapo hapo kinenani kwa hiari yako, ati kwa sababu kwa video kilikaa poa. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, mpini unakusukuma tumbo. Ukikaa kwa matatu, unajikunja juu yake. Ukianguka na boda, ncha yake inaangalia sehemu ambazo ungependa kubaki nazo.

Mfuko wa nyuma nao? Unakikalia mchana kutwa, bawaba inalegea, na kwa foleni ya stendi mtu anakitoa bila wewe kujua. Kuning'iniza shingoni na kamba? Kwa boda hiyo kamba inaweza kunasa kwa kitu, na sitaki kukuchorea picha ya kinachofuata.

Mahali pazuri ni pa kawaida sana, ndio maana hakuna mtu anapigia video. Kama kisu kina klipu, kibane kwa mfuko wa mbele, upande wa mkono unaotumia, kikiwa kimesukumwa mpaka kwa mshono wa nje wa suruali. Ule upande ambao makali yanafungukia uguse mshono. Hapo nguo yenyewe inakizuia kufunguka, na kiko mbali na paja la ndani. Huo mfuko usiweke kitu kingine. Funguo upande ule mwingine, sarafu upande ule mwingine, simu pia.

Kama hakina klipu, nenda kwa fundi wa viatu, mwambie akukatie kipande cha ngozi ya zamani akushonee ala ndogo yenye kifuniko, ya kupitisha kwa mshipi pale pembeni ya nyonga. Ilale kwa ubavu, isisimame, ndio ukikaa isikuchome mbavu. Kama unabeba begi, na madem wengi najua suruali zenu zimeshonwa bila mifuko ya maana, kiweke kwa kile kimfuko cha ndani chenye zipu. Kisielee humo kati ya chaja na vitabu, kwa sababu siku moja utaingiza mkono ukitafuta kalamu. Na wavuvi wenyewe wanajua hii: ukiwa juu ya maji, kifunge na kamba fupi kwa mshipi. Ziwa halirudishi kitu.

Halafu kiangalie. Kikunje, kielekeze chini, kitikise. Kama kinafunguka, hicho hakifai kuingia mfukoni, kibaki jikoni. Toa pamba na vumbi kwa bawaba, kaza skrubu, weka tone moja la mafuta, kikaushe kama umekata samaki. Na urefu? Makali yasiyozidi upana wa kiganja chako yanatosha muwa, kamba, embe na boksi. Kile kisu chekundu cha Uswisi ambacho dunia nzima inakijua, kampuni ya Victorinox iliyoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 inakiuza hadi leo, na ule wa kawaida ni mfupi kuliko mkono wako. Hakuna mtu ameona ni kidogo sana kwa kazi.

Tuingie kwa sheria, na hapa ndipo nataka mtulie.

Wengi mnaiga msee fulani wa Marekani kwa simu. Sawa. Lakini kule Texas, tangu Septemba 2017, mtu mzima anaruhusiwa kutembea na kisu kirefu sehemu nyingi. Uingereza nao wameweka kipimo: kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, unaweza kukibeba bila kutoa sababu. Wewe huko Texas wala London. Uko Migori. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakikuhesabii inchi. Kinasema ukipatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha ulikuwa nayo kwa nia ya kutenda kosa kubwa la jinai, kifungo ni miaka isiyopungua 7 na isiyozidi 15. Soma tena hilo neno mazingira. Mahali umekiweka ni mazingira. Saa ni mazingira. Jibu lako kwa polisi ni mazingira.

Binamu yangu anauza muwa. Kazi yake ni kumenya na kukata vipande, mchana kutwa, watu wanamjua. Usiku mmoja wakasimamishwa kwa kizuizi barabara ya Isebania, akapekuliwa, kisu kikatoka kiunoni. Akaulizwa ni cha nini. Huyu mtu ana kazi halali inayohitaji kisu! Angesema "nauza muwa" na aonyeshe hata mikono yake ilivyoingia weusi wa muwa. Lakini alikuwa na mabeshte, akataka kuonekana mwanaume, akasema "ni ya kujilinda". Akalala ndani. Shangazi alishinda huko asubuhi na mwenye kibanda, wakimweleza kila mtu kwamba huyu kijana ni wa muwa. Aliachiliwa. Angeweza kukosa kuachiliwa, na hiyo hesabu inaanzia miaka 7. Neno moja la kujifanya mgumu lilikaribia kuwa ghali kuliko shamba la baba yake.

Na polisi, sijawasahau. Mzee akipita kwa baiskeni na panga imefungwa nyuma, ni mkulima, "shikamoo mzee". Kijana mwenye rasta akipatikana na kisu cha sentimita 6 ndani ya begi la kazi, ghafla ni jambazi. Hiyo si haki, na nitaisema hata mkininunia. Sheria inataka nia ionyeshwe na mazingira, haisemi nywele. Ukishikwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha unayoelewa, kwa nini umeshikwa, haki ya kunyamaza, na haki ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, isipokuwa kama muda umeishia siku au saa ambazo korti haifanyi kazi. Zijue. Lakini hizo haki zinakusaidia zaidi ukiwa na story ya kweli ya kusimulia, na kisu kilichokaa kwa ala pamoja na vifaa vyako vya kazi kinakusimulia kabla hujafungua mdomo.

Sasa wale wa "lakini bro, usiku ni noma". Najua. Mimi hurudi kutoka kazi saa saba usiku nikiwa na kamera, na kuna njia ambazo natembea nikihesabu hatua. Hofu yako ni ya kweli na sitaicheka. Ila jiulize hicho kisu kitafanya nini. Anayetaka kukuibia anakuja na wenzake, na pengine na panga. Ukitoa kisu cha kukunja umemwambia tu kwamba hii sasa ni vita. Simu inanunuliwa tena.

Na mara nyingi kisu hata hakikutani na mwizi. Kinakutana na rafiki. Nimepiga picha matanga ya kijana aliyechomwa kwa disko matanga. Deni la soo mbili, maneno, kofi, halafu mmoja akakumbuka kiko kiunoni. Bila kile kisu hao wangeamka na macho yamevimba, waombane msamaha kwa chai. Badala yake nilikuwa pale naelekeza kamera kwa jeneza, na mama wa yule mwingine hakuweza hata kuja kutoa pole. Ndio maana mtu akiniambia "ni kwa usalama" nanyamaza kwanza, nakumbuka ile picha.

Kwa hivyo kuna siku kisu kinabaki nyumbani, hata kama umekibeba vizuri aje. Disko matanga, kisu hapana. Mahali pa pombe, hapana. Mechi, hapana. Shule na kortini, hapana kabisa. Maandamano na mikutano ya siasa ndiyo usijaribu: Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Kwa nini umpe mtu sababu ya kusema wewe hukuwa wa amani? Na kama unapanda ndege Kisumu, kiingie kwa mzigo unaokabidhi pale kaunta, usiende nacho mkononi ukaanza kuomba wakuonee huruma.

Ukiwa nacho, kuwa na adabu nacho. Usikifungue ndani ya matatu. Usikichezee ukiongea na mtu. Mtu akikuomba, kikunje kwanza ndio umpe. Ukimaliza kazi, kipanguse, kikunje, kirudi mahali pake, watu wasahau uko nacho.

Kisu changu cha sasa ni kifupi, kufuli yake ni ngumu, na kinakaa kwa ala ya ngozi niliyoshonewa na fundi wa viatu. Wiki iliyopita nilikata nacho kamba za maboksi, embe mbili, na uzi wa gauni la bibi harusi uliokuwa umenasa kwa mlango wa gari. Watu wote walinishukuru na hakuna aliyeogopa. Leo kabla utoke nyumbani, kitikise, toa funguo kwa huo mfuko, na ukitoe kiunoni. Alafu jifanyie mazoezi ya jibu lako: ukiulizwa ni cha nini, unafanya kazi gani nacho? Kama huna jibu, omera, kiache kwa meza.