Kijana, acha kuagiza picha kila siku, jaribu kuziotesha

Kama umewahi kufika Mwea wakati mpunga umeanza kukauka shambani, basi unawajua kwelea. Mmoja hajazi hata kiganja, lakini wakija wanakuja kama wingu. Nilipokuwa mdogo likizo zangu za mwisho wa mwaka ziliishia huko kwa mjomba, na kazi ilikuwa moja tu: kusimama kwenye tuta tangu alfajiri nikiwa na kombeo na matope, niwafukuze.

Unarusha donge upande huu, wingu lote linapinda upande ule. Hakuna anayepiga filimbi. Hakuna anayemgonga mwenzake. Mimi niliamini kabisa kwamba mle ndani kuna ndege mmoja, mkubwa wao, anayetoa amri, na nikimpiga huyo tu kazi imeisha, niende zangu kucheza. Nilimaliza matope mengi sana nikimtafuta huyo mkubwa.

Hayupo. Nilikuja kulijua hilo miaka mingi baadaye, nikiwa kitandani kwangu Roysambu na laptopu ya mtumba mapajani.

Mwaka 1986 Mmarekani mmoja, Craig Reynolds, aliandika programu aliyoiita Boids. Kila ndege ni umbo dogo tu linalosogea kwenye skrini, na kila mmoja amepewa sheria tatu. Ya kwanza: usimbane jirani yako. Ya pili: elekea wanakoelekea majirani zako. Ya tatu: sogea kuelekea katikati yao. Basi, imeisha. Hakuna sheria inayosema “tengenezeni wingu”. Hakuna mstari unaosema “pindeni pamoja”. Ndege hajui hata kama kundi lipo, anawajua wale wachache walio karibu naye tu. Lakini ukiiwasha programu, kundi linazaliwa mbele ya macho yako, linapinda, linagawanyika likikuta kizuizi na kuungana tena upande wa pili. Reynolds aliieleza kazi hiyo hadharani mwaka 1987, na kufikia 1992 mbinu hiyo ndiyo iliyorusha popo katika filamu ya Batman Returns. Mwaka 1998 waandalizi wa tuzo za Oscar walimpa tuzo ya ufundi.

Nilipojaribu kuwaandika wangu, nilisahau sheria ya kwanza. Ndege wote 300 wakakimbilia sehemu moja, wakawa doa moja nene linalotetemeka, kama abiria wa saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha na matatu ni moja. Nikaongeza sheria, nikaipa nguvu kupita kiasi. Wakalipuka kila mtu kivyake kama watu waliosikia kanjo wamefika. Nikapunguza. Nikapunguza tena. Laptopu yenyewe ilikuwa inalia feni, maana ndege 300, kila mmoja akiwatazama wenzake 299, hayo ni maswali 89,700 kwa kila picha moja inayopita skrini. Mahali fulani kwenye saa tisa usiku nikapata namba inayofaa na wale kwelea wa Mwea wakapita mbele yangu. Sijui niseme nini kuhusu hiyo dakika. Niliketi tu.

Sasa mbona nakuambia haya yote? Kwa sababu mteja wangu mmoja wa mabango, jina lake namhifadhia, aliniambia juzi kwamba kazi yangu ameipa “ile app”. Anaandika sentensi moja, anangoja sekunde kumi, anapata picha. Na wacha niwe mkweli, mimi pia naitumia nikiwa na haraka, kwa hivyo sina mdomo wa kumlaumu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza vile sisi vijana tunavyozungumza kuhusu sanaa ya kompyuta, na mazungumzo ni yale yale: ni sentensi gani uandike ili akili unde ikupe picha kali. Tumekuwa watu wa kuagiza. Unasimama dirishani kama unayeagiza chipo, unasema unachotaka, unalipa, unangoja. Zikija zimeungua unaagiza tena. Jikoni huingii.

Na jiko lenyewe, ukiuliza lina nini ndani, ni mamilioni ya picha za watu ambao wengi wao hawakuwahi kuulizwa. Hata ukipata picha nzuri, huwezi kuniambia kwa nini mkono huu uko hapa na rangi hii iko pale. Mwenye mashine mwenyewe hawezi.

Kuna sanaa nyingine ya kompyuta, ina miaka zaidi ya 50, na nchini kwetu naona kama imepita pembeni bila kusalimiwa. Msanii haagizi picha wala haichori. Anaandika sheria chache, nyingi zikiwa zimeazimwa kwa viumbe hai, halafu anaiacha kompyuta izifuate aone kitakachoota. Wanasayansi wana ndugu yake wanayemwita uhai bandia. Mimi naiita sanaa ya kuotesha, na maoni yangu ni kwamba kijana mwenye mikono na kichwa anayeishia kuagiza tu anajipunja.

Najua unachofikiria. Laptopu sina. Sawa, daftari la hesabu unalo, lile la miraba? Chukua na maharagwe. Mwaka 1970 mwanahisabati wa Cambridge, John Conway, alitunga kitu alichokiita Mchezo wa Uhai, na mwanzoni yeye na wenzake walikuwa wanaucheza kwa kete juu ya ubao, si kwa kompyuta. Kila mraba una majirani wanane. Mraba wenye harage uko hai. Harage lenye majirani wawili au watatu linaendelea kuishi. Likiwa na mmoja au bila, linakufa kwa upweke. Likiwa na wanne na kuendelea, linakufa kwa kusongamana (kwa sheria hiyo Pipeline tungekuwa tumeisha zamani). Na mraba mtupu ukizungukwa na watatu kamili, hapo panazaliwa harage jipya. Hesabu miraba yote kwanza, ndipo ubadilishe yote kwa pamoja, la sivyo utaharibu.

Kuna umbo la maharagwe matano tu ambalo baada ya hatua nne linarudi vile vile lilivyokuwa, lakini limesogea mraba mmoja kimshazari. Ukiendelea, linatembea kuvuka daftari. Hukuandika popote kwamba harage litembee. Jitafutie hilo umbo, sitakuchorea. Nilipolipata mwenyewe nilimwamsha ninayeishi naye nyumba moja na hakufurahi.

Kuna bibi mmoja ambaye natamani angekuwa kwenye silabasi yetu. Vera Molnár, mzaliwa wa Budapest aliyeishi Paris, alianza kuchora kwa kufuata sheria kabla hajagusa kompyuta. Alijifanya yeye ndiye mashine: anaandika maagizo, kisha anayatekeleza kwa mkono, hatua kwa hatua, bila kuiba. Kompyuta aliipata mwaka 1968. Alikuwa akichora miraba, kisha anaruhusu kila mraba ukosee kidogo, pembe isogee hivi, mstari uyumbe vile, na ghafla miraba inaonekana kama inapumua. Alifariki Desemba 2023 akiwa na umri wa miaka 99, na hadi uzeeni alikuwa bado anafanya kazi.

Ukishapata kompyuta, hata ya kuazima, mlango unafunguka zaidi. Mwaka 1952 Alan Turing, yule Mwingereza ambaye kila anayesomea kompyuta amelisikia jina lake, aliandika makala kuhusu jinsi madoa na mistari inavyoweza kujitokeza kwenye mwili wa kiumbe bila mchoraji. Chukulia uvumi mtaani. Uvumi unajizaa wenyewe, mmoja anaambia wawili. Lakini kila unapozaliwa unazaa pia mkanushaji, na mkanushaji ana bodaboda, anafika mbali kuliko uvumi wenyewe. Basi uvumi hauwezi kuenea mtaa mzima, unabaki madoa madoa, hapa umekolea, pale hakuna. Weka kemikali mbili badala ya uvumi na mkanushaji, hilo ndilo wazo la Turing. Kwenye skrini unageuza namba mbili tatu tu, madoa ya chui yanakuwa mistari ya pundamilia. Kuna usiku nilipata mabaka yanayofanana sana na ya twiga wetu wa Samburu. Nikayapoteza kwa sababu sikuziandika zile namba. Bado inaniuma.

Kwa hili la uhai bandia kuna pia vichekesho. Karl Sims, Mmarekani, mwaka 1994 aliunda viumbe wa maboksi ndani ya kompyuta, akawaacha wabadilike kizazi baada ya kizazi. Sheria: anayekwenda kasi zaidi ndiye anayezaa. Unajua baadhi walifanya nini? Wakawa warefu, kisha wakaanguka. Kuanguka nako ni kasi, si ndiyo? Ilibidi aongeze masharti kuwazuia. Kila nikikumbuka hao viumbe nawaza watu fulani na tenda za kaunti, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Nimeambiwa na rafiki, tena mchoraji hodari wa ukutani, kwamba hii si sanaa, ni hesabu. Nikamuuliza nani alimsuka nywele. Msusi wa matuta anaanza na fundo dogo kwenye paji la uso, anarudia kitendo kile kile, kila mara kikiwa kikubwa kidogo na kimepinda kidogo, hadi kisogoni. Mmarekani Ron Eglash aliandika kitabu kizima mwaka 1999 kuhusu maumbo ya namna hiyo Afrika, katika vijiji, nguo na nywele, umbo linalojirudia ndani ya umbo. Kwa hivyo kusema hesabu na urembo haziwezi kukaa nyumba moja ni kumtukana dada wa saluni.

Swali gumu ni lile jingine. Italipa? Hapa sitakudanganya. Mwaka 2021 kulikuwa na kiwewe cha kuuza sanaa ya namna hii kwa sarafu za kidijitali, na baadhi ya kazi ziliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja kila moja. Halafu soko likaporomoka, na walioingia mwisho ndio waliobaki wameshika mfuko mtupu. Mtu akikuambia ujifunze hii ili utajirike, mkimbie. Kwangu imeniletea kazi mbili ndogo, moja ikiwa ni taswira za skrini kwenye tamasha la muziki, na yule mteja wa mabango hajarudi. Lakini kuna kitu kimebadilika ambacho sikuwa nakitarajia. Nikiambiwa “tengeneza ile ilivyokuwa, ila majani yawe machache”, najua ni mstari gani niguse. Ni wangu. Wakiongeza bei ya hiyo app kesho, au waifunge kabisa, mimi bado nina ndege wangu.

Tena si ghali. Kuna programu inayoitwa Processing, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry mahususi ili wasanii wajifunze kuandika kodi (si ile ya nyumba, hiyo inaandikwa na landilodi). Ni ya bure. Mdogo wake, p5.js, anafanya kazi ndani ya kivinjari, hata cha simu, ingawa kwa simu vidole vitakuumiza. Bando inayotumika ni ndogo kuliko ya video mbili za TikTok. Anza na nukta moja inayosogea. Kisha mbili zinazoogopana. Usianze na ndege 300 kama mimi.

Mtoto wa jirani yangu, darasa la saba, alikaa na mimi Jumamosi moja tukaongeza sheria ya nne: ndege akikaribiwa na kidole, akimbie. Alicheza nayo hadi mamake akaja kumchukua. Mwezi wa Desemba nikaipeleka Mwea kwenye simu, nikamwonyesha mjomba. Aliishika mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akapitisha kidole, wingu likapinda. Akapitisha tena. Akanyamaza kwa muda.

“Ni wao kabisa,” akasema. “Sasa hawa wanakula mpunga wa nani?”

Nikamwambia njaa bado sijawaandikia.