Programu ya mauzo ikigoma kufunguka, usikimbilie kupiga Windows

Unabofya programu ya mauzo, dirisha linatokea mara moja kisha linapotea. Unabofya tena, hivyo hivyo. Nje kuna foleni, na mkulima anataka kujua alikopa dawa ya shilingi ngapi. Hapo ndipo mtu wa pembeni atakwambia: "Hiyo peleka Chalinze ikapigwe Windows upya."

Mimi napinga. Duka moja la pembejeo huku kwetu Ubena lilipoteza madeni ya msimu mzima kwa ushauri huo. Kompyuta ilirudi nyepesi, safi, na tupu. Mwenye duka akazunguka mashambani kuwauliza wakulima wenyewe wanadaiwa kiasi gani. Wengi walisema kweli. Si wote.

Programu ni kama mlango wa ghala. Mlango ukigoma, magunia bado yamo ndani. Programu inaweza kuwekwa upya hata kesho, lakini madeni uliyoyafuta huyapati. Kwa hiyo kabla fundi hajagusa chochote, folda yenye data zako inakiliwe kwenye flashi, kisha flashi ichomolewe. Hujui folda hiyo iko wapi? Mpigie aliyekuuzia programu umuulize hilo kwanza. Tena muulize leo, programu ikiwa bado nzima.

Baada ya hapo zima kompyuta, iwashe, na uangalie saa iliyo pembeni chini ya kioo. Wengi hawaangalii. Mwaka ukiwa umerudi nyuma, programu inayokagua leseni kwa tarehe inaweza kukataa kufunguka, na hata tovuti za kawaida zitaanza kulalamika. Rekebisha tarehe ujaribu tena. Ikiharibika kila umeme ukikatika, ndani kuna kibetri cha duara kama sarafu, mara nyingi kimeandikwa CR2032. Kimekwisha. Kukibadilisha ni kazi ndogo, isikutoe pesa ya kupiga Windows.

Kama tarehe iko sawa, tazama kama diski imejaa (picha na video za harusi, najua), au kama programu ya kuzuia virusi imelifungia faili la mauzo. Wenye kompyuta mbili, ya kaunta na ya nyuma yenye data, hakikisheni ile ya nyuma imewashwa. Usicheke, nimeitwa kwa hilo mara mbili.

Tatizo zito ni umeme kukatika wakati programu inaandika. Hapo faili la data lenyewe linaweza kuharibika, na msaada wako ni nakala ya jana. Huna nakala ya jana? Basi anza leo jioni, kila unapofunga duka.

Wengine wataniona wa kizamani, lakini madeni ya wakulima bado nayataka pia kwenye kaunta buku, na saini ya aliyekopa. Mkulima anaamini alichosaini. Na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka utunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5. Sidhani kama utakaguliwa siku moja ukajibu kwamba fundi alifuta.

Flashi yenyewe usiiache kwenye droo ya kaunta. Mwizi akichukua kompyuta, ataichukua na hiyo. Nenda nayo nyumbani.