Meneja Alipe kwa Mfuko Wake

Mama anarudi kazini baada ya likizo ya uzazi, anakuta kiti chake kimekaliwa. Jina lake halimo kwenye orodha ya zamu. Meneja hata haondoi macho kwenye simu: "Kazi hii haikufai tena, una mtoto."

Unamjua huyo meneja. Sote tunamjua. Ndiye aliyemnyima mwenzako cheo kwa sababu ya kabila lake.

Akishtakiwa je? Inayoandikwa kwenye karatasi za mahakama ni kampuni. Inayotafuta wakili ni kampuni. Inayolipa ni kampuni. Na likiwa shirika la umma, unalipa wewe, kwa kodi inayokatwa kwenye mshahara wako. Yeye mshahara wake unaingia mzima, hata senti haipungui!

Wazee walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Katika ofisi zetu meneja anakula mbuzi, ng'ombe analipa mwingine. Mpaka lini?

Usiniambie sheria hakuna. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, jinsia, dini, ulemavu, ujauzito au VVU, na kufanya hivyo ni kosa. Soma kifungu cha 2, kinachoeleza mwajiri ni nani. Wakala yumo. Nyapara yumo. Meneja yumo! Mawakili na wabishane mahakamani neno hilo linafika wapi. Lakini watabishana vipi kama jina lake hatulipeleki huko?

Kwa unyanyasaji wa kingono tuliweza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamkamata mwenye mamlaka yeye mwenyewe: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Hapo hajifichi nyuma ya kampuni. Kwa nini mbaguzi ajifiche?

Nawe uliyekaa meza ya pili, ukasikia kila neno, ukainamia kompyuta yako! Unadhani zamu yako haiji? Amka! Andika tarehe. Andika alichosema. Andika nani alikuwepo. Dai la ubaguzi likifika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua ni wa mwajiri, na ushahidi wako utaufanya mzigo huo umwelemee.

Ukishtaki, mtaje meneja kwa jina pamoja na kampuni. Wala usikawie: una miaka 3 tu tangu ulipotendewa.