Kiraka Kisichorudi Shinani

Muuguzi aliyewahi kufanya kazi katika kliniki ya wajawazito anaifahamu vyema safu iliyochorwa kwa rula. Kitabu cha MTUHA kimekuja na safu zake zilizopigwa chapa, lakini kazi ya kila siku imedai safu moja zaidi: pengine namba ya simu ya mwenza, pengine tarehe ya kufuata majibu ya maabara. Safu hiyo huchorwa pembeni na huwa na manufaa makubwa. Kisha kitabu hujaa, kipya huletwa, na safu haimo. Kama aliyeichora amekwisha kuhamishwa, hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kuwapo, wala kwamba zahanati ya jirani nayo ilikuwa imechora safu hiyo hiyo.

Taarifa nyingi za vitabu hivyo sasa zimehamia kwenye kompyuta, na safu ya rula imehamia nazo. Tofauti ni kwamba leo huchorwa na mtaalamu wa programu, hugharimu fedha nyingi zaidi, na inapopotea si rahisi kuonekana. Makala hii inatetea hoja moja: marekebisho tunayoyafanya katika programu huria za afya hayana budi kurudishwa kwenye programu zilikotoka, na kazi ya kuyarudisha ipangiwe muda na fedha tangu siku ya kwanza. Jambo hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Linamfikia mfamasia aliye dirishani na mgonjwa aliye kwenye foleni.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yanayofuatwa na kompyuta, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Sekta ya afya katika Afrika Mashariki imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya programu za namna hiyo. DHIS2, inayokusanya taarifa za MTUHA, ina asili yake Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na leo huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo; kufikia mwisho wa mwaka 2013 ilikuwa imeenezwa katika mikoa ya Tanzania Bara. OpenMRS, inayohifadhi kumbukumbu za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004 na ikaanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Mfumo wa eLMIS, ambao vituo vyetu vimeutumia kuagiza dawa na vifaa tiba, ulijengwa juu ya OpenLMIS.

Kila programu ya aina hii ina shina na matawi. Shina ni toleo la pamoja, linalotunzwa na watu wa nchi nyingi, linalopimwa na kutolewa upya mara kwa mara. Tawi ni nakala ambayo nchi, hospitali au mradi umeichukua na kuibadilisha ili iendane na mahitaji yake. Kuwa na tawi si kosa. Ndiyo faida kubwa ya programu huria. Tatizo huanza pale tawi linapokua mbali na shina bila kurudisha chochote. Shina linaendelea kupata matengenezo ya usalama na uwezo mpya, tawi linabaki na viraka vyake. Kadiri muda unavyopita, ndivyo viraka vya upande mmoja vinavyokataa kukaa kwenye nguo ya upande wa pili.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi. Zahanati imetoa vidonge 300 vya amoksilini ndani ya siku 30, lakini kwa siku 15 kati ya hizo dawa haikuwapo rafuni. Programu isiyozingatia siku za ukosefu itasema kwamba mahitaji ya mwezi ni vidonge 300. Mfamasia anajua kwamba mahitaji halisi yanakaribia 600, kwa kuwa vidonge 300 vilikwisha katika nusu ya mwezi. Akatoa taarifa, na fundi wa mradi akarekebisha hesabu hiyo katika tawi. Kwa miaka miwili zahanati inaagiza ipasavyo. Kisha mradi unafikia mwisho, fundi anapata kazi kwingine, na toleo jipya linawekwa kutoka kwenye shina ambalo halikupata kusikia habari za kiraka kile. Hesabu inarudi kuwa 300. Hakuna taa nyekundu inayowaka wala ujumbe wa hitilafu. Kinachoonekana ni mgonjwa kuambiwa, kama zamani, kwamba dawa imekwisha na aende akanunue dukani.

Historia ya OpenLMIS yenyewe inatupatia funzo. Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia msimbo wake, na mifumo yao ya eLMIS ikaendelea kukua kwa njia yake, ikiongezewa mambo ambayo wataalamu wa ugavi wa nchi hizi waliyahitaji. Toleo la 3 la OpenLMIS lilipotoka mwaka 2017, lilikuwa limejengwa upya kwa vipande vinavyojitegemea, kusudi nchi iweze kuongeza kipande chake bila kulikata shina. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake, lakini ulitambua ukweli mmoja: nchi zitabadilisha tu programu, maana mahitaji hayafanani. La muhimu ni kuweka njia ya mabadiliko hayo kuongezwa, kushirikishwa na kurudi.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya mbali na atembelee Kariakoo. Katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani, sehemu kubwa ya simu na vishikwambi vinavyouzwa hutumia Android, ambayo imejengwa juu ya Linux, programu huria iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kwa miaka kadhaa mabadiliko ya Android yalikaa nje ya shina la Linux. Mengi yalianza kuingizwa katika toleo la 3.3 la Machi 2012. Hata baada ya hapo, watengenezaji wengi wa simu wameendelea kuchukua shina la mwaka fulani, kuliongezea viraka vyao vya kamera na betri, na kutovirudisha. Baada ya miaka michache mtengenezaji huacha kulihudumia tawi lake. Tundu la usalama likizibwa kwenye shina, kizibo hakifiki kwenye simu ile. Fundi wa Kariakoo anaweza kubadilisha kioo, betri na hata kipaza sauti. Programu iliyoachwa yatima haiwezi. Nasi watumishi wa afya ndio tunaobeba vifaa hivyo mifukoni, tukiandikia humo taarifa za watu waliotuamini.

Iko pia mifano ya njia iliyo njema. Wataalamu wa Kitanzania katika mtandao wa HISP walitengeneza kadi ya alama ya DHIS2, ile inayoonyesha kwa rangi nyekundu, njano na kijani namna halmashauri au kituo kinavyofanya kazi. Hawakuifungia hapa nchini. Iliwekwa mahali pa pamoja, na nchi nyingine zikaichukua. Januari 2020, wakati virusi vya korona vilikuwa bado havijapewa jina linalotumika leo, wataalamu wa Sri Lanka walijenga ndani ya DHIS2 njia ya kuwafuatilia wasafiri wanaoingia nchini mwao. Waliitoa kwa wenzao mara moja, ikawa msingi wa kile ambacho nchi nyingi zilikitumia katika miezi iliyofuata. Hakuna nchi kati ya hizi mbili iliyopungukiwa kwa kutoa. Kilichotolewa sasa kina watu wengi wa kukitunza.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba kurudisha marekebisho kunachukua muda, na watunza shina walio mbali huchelewa kuyapokea au huyakataa. Ni kweli. Marekebisho hukataliwa yakiwa makubwa mno, yakikosa maelezo, au yakihusu nchi moja tu. Lakini asiyelipa muda huo leo ataulipa kila toleo jipya linapotoka, kwa kuvishona upya viraka vyake vyote kwa mkono. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na wala tusisingizie ukosefu wa zana: Git, chombo cha kuunganisha kazi za watu wengi walio mbalimbali, kipo tangu mwaka 2005 na hakiuzwi. Kinachokosekana ni mstari katika bajeti.

Hoja ya pili ni ya dharura. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, hakuna ambaye angeweza kumwambia mganga asubiri majadiliano ya wataalamu wa mabara matatu kabla hajaongezewa sehemu ya kuandika mtaa anakotoka mgonjwa. Nakubali kabisa. Wakati wa mlipuko, tawi litengenezwe usiku huo huo. Ila mlipuko ukishatulia, kama tunavyohesabu dripu zilizobaki, tuhesabu na mabadiliko tuliyofanya, tuamue lipi lirudishwe na lipi lifutwe.

Hoja ya tatu huulizwa zaidi na wagonjwa: je, kushirikisha msimbo si kutoa siri zetu? La. Msimbo ni namna ya kitabu kilivyochorwa mistari. Taarifa za mgonjwa ni yale yaliyoandikwa ndani ya mistari hiyo. Mistari inaweza kuonyeshwa kwa ulimwengu mzima. Yaliyoandikwa hayaondoki kituoni ila kwa mujibu wa sheria, ikiwamo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo swali hilo linadai uangalifu. Anayeripoti hitilafu asitume picha ya skrini yenye jina la mgonjwa, na fundi asiache majina halisi au nywila ndani ya msimbo anaourudisha.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mkataba wa kurekebisha programu huria ya afya uwe na kifungu kinachosema kwamba kazi haijakamilika mpaka marekebisho yanayofaa yamepelekwa kwa watunza shina pamoja na maelezo yake. Mfadhili anayelipia tawi alipie na njia ya kulirudisha.

Pili, tujifunze kuyachambua marekebisho mafungu matatu. Kosa lililosahihishwa, kama ile hesabu ya amoksilini, lirudishwe upesi bila mjadala mrefu. Uwezo mpya ambao huenda ukawafaa wengine ujadiliwe na watunza shina kabla haujajengwa, si baada. Mambo yetu pekee, kama vichwa vya fomu za MTUHA na namba za vituo, yawekwe katika mipangilio au katika kipande cha pembeni, yasichanganywe na shina kamwe. KenyaEMR na UgandaEMR, zote zikiwa zimejengwa juu ya OpenMRS, zinaonyesha kwamba nchi inaweza kuwa na mfumo wenye jina lake na sura yake huku ikiendelea kunywa maji ya mzizi mmoja na wengine.

Tatu, virudi vidogo vidogo. Kiraka kimoja chenye maelezo ya ukurasa mmoja hupokewa. Furushi la mabadiliko ya mwaka mzima hutazamwa kwa hofu na kuwekwa kando.

Nne, vyuo vyetu vina vijana wanaosoma tiba, famasia na uuguzi, na jirani zao wanaosoma kompyuta. Kutafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili fasaha, kupima toleo jipya kabla halijafika vituoni, kuandika maelezo ya kiraka: hizo ni kazi za mafunzo zinazoweza kurudi shinani zikiwa na majina yao.

Tano, mtumishi wa kituo asijione yuko nje ya mambo haya. Marekebisho mengi mazuri huanza kwa mtu asiyejua hata mstari mmoja wa msimbo, ila anayejua kazi yake. Ukiona programu imekosea, andika ulichofanya, ulichotarajia na ulichokiona, pamoja na tarehe na namba ya toleo. Kisha, wakikuletea suluhisho, uliza swali moja zaidi: je, toleo lijalo litakuwa nalo?

Kutoka Upanga hadi Kariakoo mgonjwa mmoja anaweza kupita zahanati, hospitali ya rufaa na maduka mawili ya dawa ndani ya siku moja. Hajui kama kompyuta anazoandikwa zinatoka shina moja au zimetengana, wala hana haja ya kujua. Anachostahili ni kwamba kosa lililokwisha kusahihishwa kwa ajili yake mwaka huu lisimrudie mwaka ujao kwa sababu tu hakuna aliyelipwa kulipeleka shinani.