Ukuta Nao Hutaka Nafasi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo una hekima yake, lakini katika majengo ya umma lipo jambo linalotangulia kuziba ufa, nalo ni kuujenga ukuta kwa namna ambayo hautalazimika kupasuka.

Yapo majengo ya shule na ofisi yenye msingi imara na saruji ya kutosha, na bado kuta zake ndefu zina nyufa za wima. Aghalabu fundi hushutumiwa kwamba ameiba saruji. Shutuma hiyo si ya haki siku zote, kwa sababu ukuta haukai tuli. Tofali la saruji hunywea kadiri linavyokauka. Tofali la kuchoma, kinyume chake, hutanuka polepole kwa miaka mingi kwa sababu ya unyevu. Joto nalo lina nguvu zake. Ukuta wa saruji wenye urefu wa mita 30, joto lake likipanda kwa nyuzi 20, hurefuka kwa milimita 6 hivi. Likishuka, hufupika kwa kiasi hicho hicho. Ukishikwa na msingi na nguzo usiweze kujongea, hupasuka.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ni kuugawa ukuta kwa mianya ya wima tangu kwenye ramani: kila mita 6 hivi kwa matofali ya saruji, na kila mita 12 hivi kwa matofali ya kuchoma. Ndani ya mwanya hutiwa kitu laini kinachobonyea, na uso wake huzibwa kwa ulimbo unaonyumbuka ili mvua isipenye.

La kusikitisha ni kwamba mwanya huo mara nyingine huuawa siku ya mwisho. Mkaguzi au mwalimu mkuu huudhani kuwa uzembe, akaamuru ujazwe saruji. Au fundi hupitisha lipu juu yake. Ufa hutokea palepale, na fedha za madawati huishia katika kuziba nyufa zitakazofunguka tena. Ufa wa mshazari unaopanda kutoka msingini ni habari nyingine, nao unataka mhandisi.

Hivyo ni wajibu wa kila kamati ya ujenzi kuuliza mapema: mianya iko wapi katika ramani, na nani atailinda? Anayeziba mwanya leo ndiye atakayeziba ufa kesho.