Mwacheni Kadama Alale

Imani ninayogombana nayo leo ni hii: binti wa Kikristo akienda Oman kufanya kazi za ndani, halafu akaanza kukosa usingizi, kulia ovyo, kusikia anaitwa na asione mtu, kushindwa hata kusali, basi amevamiwa. Jini la nyumba ile limemkalia. Dawa yake ni maombi ya vita kutoka nyumbani, makali, ya usiku wa manane, na yeye mwenyewe afunge ili afunguliwe. Ukisikiliza makundi ya maombi ya WhatsApp kuanzia Kakamega mpaka Mbeya utadhani jambo hili lilishaamuliwa zamani, na kwamba anayelihoji ni mtu asiyejua kupiga magoti.

Magoti napiga. Ninachokataa ni kumwombea mtu ambaye hatujamuuliza chochote.

Tuseme dada huyo yuko Ibra, au Sur, au ndani zaidi huko Nizwa, Dakhiliyah. Oman ina makanisa, na inafaa niseme hivyo kwa sababu huku kwetu wengi wanaapa kwamba hayapo. Yapo Ruwi na Ghala, Maskati, yapo Sohar, yapo Salalah. Yamejengwa kwenye viwanja vilivyotolewa na Sultani, Wakatoliki na Waprotestanti wakiwa majirani, na siku ya Ijumaa, ambayo ndiyo mapumziko ya huko, watu hujaa. Lakini Ibra hakuna. Nizwa hakuna. Sur hakuna. Na kwa kuwa ibada za wasio Waislamu hazitakiwi kufanyika nje ya viwanja vilivyosajiliwa, hata kukusanyika sebuleni kwa mtu na kuimba tenzi mbili tatu ni kujitafutia matatizo. Kutoka Nizwa hadi Ruwi ni safari ya saa moja na nusu au zaidi kidogo kwa barabara nzuri kabisa. Si kitu, kama una gari na una Ijumaa yako. Kadama, yaani mfanyakazi wa ndani, hana gari, na wengi hawana Ijumaa.

Hilo la siku ya mapumziko si porojo za vijiweni. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti nzima kuhusu wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: kazi tangu alfajiri hadi usiku, mishahara iliyocheleweshwa au kukatwa, pasipoti mikononi mwa waajiri, wengine kupigwa na kunyanyaswa. Kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti kulikatazwa Oman tangu 2006, ila katazo liko kwenye waraka na pasipoti iko kwenye kabati la bosi. Sheria mpya ya kazi ilipotoka mwaka 2023, wafanyakazi wa ndani waliachwa nje yake. Zipo nyumba nzuri, tena nyingi, ambamo dada analala chumba chake, anakula anachotaka na analipwa kwa wakati. Lakini hata kwenye nyumba nzuri siku ni ndefu, na Ramadhani ndefu zaidi: futari, wageni baada ya tarawehe, vyombo, kisha daku.

Sasa weka ratiba ya kundi la maombi juu ya ratiba hiyo. Kesha la Nairobi linaanza saa tisa usiku. Oman ni saa kumi alfajiri. Dada aliyepanda kitandani saa saba anaambiwa aamke ajiunge, kwa sababu “adui hufanya kazi saa hizo”. Simu za sauti za WhatsApp kwa muda mrefu zimekuwa hazipiti Oman, kwa hiyo anatumiwa ujumbe wa sauti, dakika kumi na mbili za mtu anayefoka, naye ausikilize chini ya shuka. Asipojiunga, hana imani. Akijiunga, kesho yake anavunja sahani kwa usingizi, bosi anafoka, na kundi linapata ushahidi mpya wa kwamba mapepo yamechachamaa.

Halafu anaambiwa afunge siku tatu kavu. Mtu anayefua, anayepika, anayebeba mtoto na kupanda ngazi za ghorofa mbili kwenye joto la Sur la mwezi wa sita, anaambiwa asiguse maji na mtu aliyekaa Kasarani na chai yake ya maziwa!

Mtu asiyelala vya kutosha kwa miezi anaweza kusikia sauti. Anaweza kulia mbele ya sinki na asijue analilia nini. Hilo halihitaji jini. Na kama mtu ananiona ninazungumza kama daktari, siyo kama Mkristo, nitamrudisha kwenye Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Elia, nabii aliyeshusha moto, anatishwa na Yezebeli, anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Leo tungemwitia timu ya ukombozi. Roho ya mauti hiyo! Mungu alimfanyia nini? Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate uliookwa kwenye makaa na chupa ya maji. Elia akala, akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. Hakukemewa pepo hata mmoja. Na alipofika Horebu, neno la kwanza kutoka kwa Mungu lilikuwa swali: alimuuliza anafanya nini pale. Akamwacha aseme machungu yake yote, pamoja na ile hofu kwamba amebaki peke yake, ndipo akaambiwa kwamba wako wengine elfu saba.

Usingizi, chakula, swali, na habari kwamba hauko peke yako. Nionyeshe kundi la maombi linalofuata mpangilio huo.

Ninajua watakakokimbilia: Danieli, sura ya 10, mkuu wa Uajemi aliyemzuia malaika siku ishirini na moja. Hapo ndipo penye mzizi wa mafundisho kwamba kila nchi ina pepo wake mkuu, na kwamba Uarabuni ni ngome. Watu wetu wanadhani ni mafundisho ya tangu mitume. Yalivyotufikia sisi, ni ya juzi. Mwaka 1990 hivi Luis Bush alianza kuzungumzia “dirisha la 10/40”, ukanda wa ramani kati ya nyuzi 10 na 40 kaskazini ya ikweta, ambamo Oman nzima imo. Na mwalimu wa seminari kule California, C. Peter Wagner, akaeneza kwa vitabu na semina wazo la kuzitambua roho zinazotawala maeneo na kuzipiga kwa maombi. Vitabu vikatafsiriwa, kanda zikanakiliwa, mikutano ya injili ikayabeba, na leo mhubiri wa Tandale anaeleza mamlaka ya giza ya Dakhiliyah ambako hajawahi kukanyaga.

Hebu msome Danieli mwenyewe. Aliomboleza wiki tatu, akaacha chakula kizuri, akaomba. Hakumkemea mkuu yeyote, wala hakujua kama kuna vita. Aliambiwa baadaye na malaika. Na katika miaka yake yote alifanya kazi kwa heshima katika nyumba za wafalme wa kigeni wasiomwabudu Mungu wake. Alikuwa mtu wa kuajiriwa ugenini, ambaye wakati mwingine alitendewa vizuri na wakati mwingine alitupwa kwa simba. Kama kuna mtu wa Biblia anayefanana na dada yetu wa Nizwa ni huyo, na kutoka kwake tumechukua mstari mmoja tu wa kupigia kelele.

Ramani ndiyo iliyotuharibu. Tulizoea kuiombea Oman kama kipande cha karatasi kilichotiwa rangi nyeusi. Sasa mabinti zetu wanaishi ndani ya kipande hicho, na bado tunaiombea karatasi.

Kuna hatari ya papo kwa papo pia, isiyozungumzwa makanisani. Waomani nao wana hofu zao za majini na uchawi. Bahla, mji mkongwe wenye ngome, si mbali na Nizwa, una sifa huko kama iliyo nayo Pemba kwetu: kila mtu ana hadithi yake. Na wapo waajiri wanaoamini kwamba uchawi unaingia nyumbani mwao na mfanyakazi kutoka Afrika. Sasa dada ameambiwa anyunyize chumvi kwenye kizingiti, apake mafuta ya upako milango yote, aandike jina la bosi kwenye karatasi na kuliweka chini ya Biblia. Mama mwenye nyumba akikuta chumvi na karatasi yenye jina la mumewe, atafikiri nini? Kuhusu nchi jirani, Saudia, Human Rights Watch waliandika mwaka 2008 juu ya wafanyakazi wa ndani walioshtakiwa kwa uchawi. Mhubiri aliyetoa maelekezo hayo hatakuwepo siku ya kuhojiwa.

Tena ni kashfa kwa watu wasiostahili. Ibra ni kwao akina Harthi na Barwani, koo ambazo Zanzibar inazijua vizuri. Baadhi walirudi Oman baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Kwa hiyo dada kutoka Tanga anaweza kuingia nyumba ya Ibra akakuta bibi kizee anamwambia “karibu mwanangu” kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko chake. Kiswahili hichohicho kinaweza kumtukana, sikatai. Lakini mara nyingine bibi huyo Mwislamu ndiye mtu pekee katika mji mzima anayemuuliza amelalaje. Na kundi la maombi limeshamtangaza bibi kuwa mlango wa pepo.

Yako mambo ya kiroho yanayomsumbua dada yule kweli, na haya ndiyo yanayoniuma, kwa sababu yanapotea katika kelele. Anasikia adhana mara tano kwa siku na hajasikia mtu mwingine akisema Amina kwa Jina analolijua tangu Pasaka. Ana hasira na Mungu, na anaogopa kuikiri. Anaona jinsi wenye nyumba wanavyosali pamoja, na anatamani. Anajiuliza kama akisilimu maisha yatakuwa mepesi, halafu anajichukia kwa kuwaza hivyo. Kuna mtoto aliyemwacha na miaka miwili ambaye sasa anamwita shangazi yake mama. Kuna mwanamume aliyemwahidi kumngoja. Mambo haya huwezi kuyatoa kwa amri ya dakika kumi na mbili. Kwanza lazima mtu ayasikie, na ili ayasikie lazima anyamaze.

Paulo aliwaandikia Wakolosai juu ya Epafra, mtu wa kwao, anayehangaika kwa ajili yao katika maombi. Epafra alikuwa mbali, lakini aliwafahamu. Ndiye aliyeleta habari zao. Pwani ya Oman nayo ina mfano wa mwombezi wa aina hiyo. Mwaka 1896 mmisionari Mmarekani, Peter Zwemer, alikabidhiwa pale Maskati wavulana 18 wa Kiafrika walionaswa katika biashara ya watumwa iliyokuwa bado inaendelea kwa siri baharini. Wamisionari wale walikuwa na mengi ya kulaumiwa, hasa walivyowatazama Waarabu. Lakini wavulana wale walipewa pa kulala, chakula na darasa, na Zwemer aliishi nao mpaka afya ilipomshinda. Alifariki mwaka 1898. Hakuna atakayeniambia kwamba huyo hakuwa mwombezi wao kwa sababu alishughulika na magodoro.

Nitakubali jambo moja kwa wapinzani wangu. Kundi la WhatsApp, pamoja na kelele zake, mara nyingi ndilo sauti pekee ya nyumbani inayomfikia dada usiku, na wapo walionusurika kwa sababu tu walijua saa tisa kuna mama wa Kisumu analitaja jina lao. Mama huyo simgusi. Ugomvi wangu ni kwa anayeshika kipaza sauti, hasa yule anayemalizia kwa namba ya simu ya kutumia “mbegu”. Mshahara wa riali 80 ni kama dola 200 na kidogo. Kuna ada ya shule humo, dawa za mzazi, na deni la wakala. Kumwambia mwenye mshahara huo kwamba ukombozi wake umekwama kwa sababu hajapanda mbegu ni wizi, na polisi wangeuita hivyo kama usingefanywa kwa jina la Yesu.

Basi viongozi wa makundi wafanye mambo mepesi. Wajue dada yuko mji gani, anaamka saa ngapi, pasipoti yake iko wapi, na kama ana namba ya ubalozi wa Kenya au wa Tanzania pale Maskati. Wapeleke ombi lake likiwa fupi, kwa sauti ya chini, atakapokuwa na nafasi ya kulisikia, hata kama ni saa nane mchana wakati nyumba imelala. Wasimtume chumvi. Na mfungo ujao utakapopangwa, majina ya wanaofanya kazi Ibra, Sur na Nizwa yaondolewe kwenye orodha ya wanaofunga. Walioko nyumbani wafunge badala yao, na zile pesa za chakula ambazo hazikuliwa zikamlipie mtoto wa dada huyo karo ya muhula huu, ili mama yake apunguze deni moja la kuwaza usiku.