Tawi Lako Liko Wapi?



Huko Tibet, katika milima mirefu ya Asia, Wabudha hutundika kamba za bendera ndogo zilizochapwa sala, za rangi 5: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na manjano. Huamini kwamba upepo huzipitia na kuwapelekea watu wote baraka. Hawapendi ziguse ardhi. Zikichakaa, desturi ni kuzichoma, si kuzitupa jaani.

Dini yao siyo yetu, lakini heshima yao yatufundisha. Je, tawi lako lililobarikiwa Jumapili ya Matawi liko wapi? Limesahauliwa darini pamoja na majembe, au mtoto anafukuzia kuku?

Litundike ukutani karibu na msalaba, mahali mnaposali jamaa nzima. Wala usilifanye hirizi: haliwezi kuzuia radi kwa nguvu zake lenyewe. Latukumbusha tuliyemshangilia, tumfuate mpaka Kalvari.

Kwaresima ikikaribia, lipeleke parokiani lichomwe, liwe majivu ya Jumatano ya Majivu. Rozari iliyoharibika kabisa izike ardhini.

Basi leo, kabla ya sala ya jioni, litafuteni tawi lenu.